Sauti Iliyofungwa Kitambaani

"Inatangazwa kwa wafanyakazi, wagonjwa na wageni wote wa Hospitali ya Misheni ya Kwa-Mulwa kwamba, kuanzia Jumatatu, maua ya plastiki yaliyo upande wa kulia wa meza ya mapokezi yatahamishiwa upande wa kushoto wa meza hiyo hiyo. Wote watakaoathiriwa na mabadiliko haya wanaombwa kuwa wavumilivu. Kwa amri: Onesmus, Katibu Msimamizi."

Tangazo hilo lilikuwa na mhuri. Kavata alilisoma akiwa amesimama mbele ya ubao, begi la shule mgongoni, kwa kuwa alikuwa msichana wa kusoma chochote kilichoandikwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alisoma Gredi ya Nane. Alipomaliza kusoma aliyatazama maua yenyewe. Yalikuwa na vumbi upande wa kulia, na hapakuwa na sababu ya kuamini kwamba yangekosa vumbi upande wa kushoto.

Kila alasiri, masomo yalipokwisha, Kavata hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kando ya soko la Kithimani, akangoja malori yaendayo Garissa yapite, akavuka barabara, kisha akapanda njia ya vumbi jekundu hadi hospitalini. Baba yake, Mutinda, alikuwa fundi wa hospitali hiyo. Kwa kuwa fundi alikuwa mmoja tu, ndiye aliyetengeneza mabomba, vitanda, jenereta na simu. Kavata alimsubiri ili waandamane kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa alipoulizwa. Sababu nyingine hakuitoa.

Kwenye ukuta wa ukumbi, karibu na famasia, palikuwa na simu ya kutumiwa na yeyote. Kavata aliinua mkono wa simu hiyo, akapiga namba ya hospitali yenyewe, akafumba macho.

"Umefika Hospitali ya Misheni ya Kwa-Mulwa," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu, yenye lafudhi ya Kikamba iliyolainishwa na miaka mingi ya kuongea na watu wenye shida. "Ukimtafuta mgonjwa, bonyeza moja. Ukitafuta wodi ya kina mama, bonyeza mbili. Kama hujui unayemtafuta, usijali. Subiri, tutakusaidia."

Baada ya neno "subiri" palisikika pumzi fupi, kama ya mtu aliyetaka kuongeza neno akajizuia. Kavata aliingoja pumzi hiyo kila siku. Ilipopita, aliirudisha simu mahali pake.

Sauti hiyo ilikuwa ya mama yake. Kalunde alikuwa opareta wa simu wa hospitali hiyo tangu Kavata hajazaliwa, na alifariki mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa wa figo, katika hospitali kubwa jijini Nairobi. Wakati huo Kavata alikuwa akifanya mtihani. Watu wazima walishauriana wakaona ni vyema asiambiwe hali ya mama yake hadi amalize. Alipomaliza, hapakuwa tena na mtu wa kuagana naye. Alipata alama nzuri.

"Niaje, Kavata?" Aliyemsalimu siku hiyo ya tangazo alikuwa Winfred, mwanafunzi mwenzake, ambaye mama yake, Kanini, alikuwa muuguzi wa wodi ya kina mama. "Bado uko na hiyo simu ya ukuta? Huwa unabonyeza moja ama mbili?"

"Sibonyezi kitu."

"Sasa unapiga ya nini?"

Kavata alivuta mikanda ya begi lake. Winfred hakuwa mkatili. Alikuwa na mama, na mtu mwenye mama huuliza maswali ya namna hiyo.

"Basi piga sana leo," Winfred aliendelea, "maana huo mtambo utafunguliwa. Simu ya wodi ya mama yangu imekufa. Daktari akihitajika, mama anakimbia na miguu mpaka huku. Juzi kuna mama alikaribia kujifungua daktari akiwa bado anatafutwa kwa bustani. Kadi mpya imeletwa leo. Na Bwana Onesmus amesema, ikibidi mtambo wote ufutwe, ufutwe tu."

"Ufutwe vipi?"

"Mimi najua? Ufutwe. Kama ubao."

Nyuma ya mapokezi palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, na ndani yake kabati la chuma lililomfikia mtu mzima kifuani. Hilo ndilo lililoitwa swichi. Halikuwa kama swichi ya ukutani inayowasha taa. Ulikuwa mtambo unaopokea kila simu inayoingia hospitalini na kuielekeza inakotakiwa. Ndani ya kabati, kadi za saketi zilisimama wima, bega kwa bega, kama vitabu kwenye rafu. Moja ilibeba simu za wodi ya kina mama, nyingine za famasia, nyingine za ofisi. Na ile ya mwisho, upande wa kulia, ilihifadhi sauti ya kuwapokea wapigaji. Kila kadi ilikuwa na kitaa chake: cha kijani kadi ikiwa nzima, chekundu ikiwa na kasoro. Kavata alikuwa ameliona kabati hilo likifunguliwa mara nyingi, na baba yake alikuwa amemfundisha kadi inavyotolewa.

"Haing'olewi kama muhogo," Mutinda alimwambia siku moja. "Unasoma namba ya nafasi yake, halafu unaisoma tena, kwa sababu kadi zote zinafanana. Kisha unaiambia swichi kwa kompyuta hii kwamba kadi fulani inatoka. Swichi inaondoa kazi zake, na kitaa kinazimika. Kadi haitoki kazini bila kuaga, mwaitu." Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu Kavata alipewa jina la nyanya yake mzaa baba. "Unavaa mkanda huu kwenye kifundo cha mkono, na waya wake unaubana kwenye chuma cha kabati. Ndipo unafungua vishikio viwili, cha juu na cha chini, kwa pamoja, unaivuta imenyooka. Unaishika kingo. Haya meno ya dhahabu huyagusi. Ikitoka, inaingia ndani ya mfuko huu papo hapo."

Mfuko wenyewe ulikuwa wa kijivu kinachong'aa. Kavata aliuona kama pakiti ya viazi vya kukaanga iliyokwisha kuliwa.

"Kwa nini uvae mkanda, Baba?"

"Ni kanuni," alisema Mutinda. Siku hiyo jenereta ilikuwa imezimika na alikuwa na haraka. Lilikuwa jibu fupi, na lilitosha kwa siku hiyo tu.

Jioni hiyo, baada ya kusikia habari za Winfred, Kavata alitembea na baba yake kuelekea nyumbani kati ya mashamba yaliyokauka. Ilikuwa Septemba. Mahindi ya msimu uliopita yalikuwa yamebaki mabua, na ardhi ilikuwa ngumu kama kigae.

"Baba, utatoa kadi lini?"

"Kesho kutwa, Ijumaa. Lazima niwaarifu wodi zote kwanza."

"Sauti ya mama itakuwa salama?"

Mutinda alisukuma kwa mguu tawi la mwiba lililolala njiani. Tangu mazishi, jina hilo lilikuwa halitajwi kati yao. Walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya njia.

"Itakuwa salama," alisema.

Hakueleza kwamba kadi ya sauti haikuwa na uhusiano na kadi ya wodi, wala kwamba hakukusudia kufuta chochote. Angeyasema hayo, mambo yangekwisha hapo. Lakini kueleza kungemlazimu kuizungumzia sauti, na alinyamaza. Naye Kavata alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia, kwenye njia hiyo hiyo, alimuuliza kama mama atapona, na baba alijibu kwa utulivu uo huo: "Atapona."

Basi hakumwamini. Huenda mtu asimlaumu.

Alhamisi alasiri Mutinda aliitwa kwenye jenereta. Ufunguo wa chumba cha swichi uliningʼinia kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana, mahali ambapo kila mtu aliujua na hakuna aliyekuwa na haja nao. Kavata aliuchukua, akaingia, akafunga mlango. Chumba kilikuwa na joto kali. Alivua sweta ya shule kwa kuipitisha kichwani, ikalia tatatata kama kuni mbichi motoni, na nywele zake zikasimama. Mkanda wa baba haukuwapo, ulikuwa ndani ya sanduku la vifaa, nalo lilikuwa limefungwa. Kompyuta ilitaka neno la siri asilolijua.

Alijua kwamba alikuwa akiruka kanuni. Alijiambia kwamba kanuni hizo zilikuwa za kadi, na hii haikuwa kadi, ilikuwa mama yake. Alisoma namba ya nafasi, akaisoma tena. Hilo peke yake alilifanya kama alivyofundishwa. Kitaa cha kijani kilikuwa bado kinawaka alipofungua vishikio na kuvuta. Kadi ilitoka kwa mlio mdogo na kitaa kikazimika.

Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Vumbi jekundu lilikuwa limeikalia kila mahali, mpaka kwenye meno ya dhahabu. Kavata alitoa begini kitambaa cha kichwa cha nailoni, cha rangi ya zambarau. Nguo za marehemu zilipogawanywa baada ya mazishi, shangazi walichukua zilizofaa, naye akaachiwa hicho. Aliipangusa kadi taratibu, mbele na nyuma, akayasugua meno mpaka yakang'aa. Kisha akaifunga ndani ya kitambaa kwa mafundo mawili.

Nyumbani kwao kitu cha thamani hufungwa kitambaani. Nyanya yake, ambaye alimwita Susu kama watoto wote wa Ukambani, hufunga hivyo mbegu za maharagwe na kunde, na kuzitundika juu ya meko, ambako moshi huzilinda dhidi ya wadudu hadi mvua zije. Tangu utotoni Kavata alikuwa ameona vifurushi hivyo vikingoja juu gizani, na msimu ulipofika vikafunguliwa, na kila kilichokuwa ndani kikaota. Jioni ile alipanda kwenye kigoda, akatundika kifurushi cha zambarau kati ya kunde na maharagwe.

Siku iliyofuata waliopiga simu hospitalini walipokelewa na kimya. Simu iliita, ikakatika mlio, kisha haikusema neno. Wengi walidhani wamekosea namba. Mzee mmoja kutoka Kivaa, ambaye mke wake alikuwa amelazwa, alipiga, akangoja, akapiga tena, mwishowe akafunga safari ya kuja kuuliza kama hospitali ingalipo. Mutinda alilifungua kabati ili aitoe kadi ya wodi, akaiona nafasi tupu ya mwisho. Aliitazama kwa muda mrefu. Alilifunga kabati bila kugusa kitu, na siku hiyo kadi ya wodi haikutolewa.

Jioni, nyumbani, hakuuliza lolote. Kavata alimwona akila ugali polepole kama mtu anayetekeleza agizo la daktari. Ni Susu aliyeuliza, akitoka jikoni na kifurushi mkononi.

"Aiya! Nani ameweka mbegu yake kati ya mbegu zangu?" Alilifungua fundo la kwanza, la pili, akaitoa kadi. "Kavata, hii itaota nini?"

Mutinda aliacha kula.

"Ni sauti ya mama," Kavata alisema. "Walitaka kuifuta."

"Nani alitaka?" baba aliuliza.

"Winfred alisema Bwana Onesmus alisema... Nami nilikuuliza. Ukasema itakuwa salama. Hata mama ulisema atapona."

Mutinda alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kunolea panga. Susu aliirudisha kadi kitambaani kwa uangalifu, ingawa uangalifu huo ulikuwa umechelewa kwa siku nzima.

"Mjukuu wangu," alisema, "mbegu naifunga kwa kitambaa kwa kuwa naijua mbegu. Hiki kitu mimi sikijui. Wewe unakijua?"

"Nilidhani nakijua, Susu."

"Ĩĩ. Basi kesho nenda na baba yako. Usimwache aingie peke yake kwa ile ofisi."

Ofisi ya Bwana Onesmus ilikuwa na kalenda mbili za mwaka uliopita na mhuri uliowekwa juu ya kitambaa chake chenyewe. Alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kuumiza mtu kwa makusudi.

"Bwana Mutinda," alianza, "hospitali hii haiwezi kuwapokea watu kwa kimya. Kadi ya sauti haipo. Ufunguo unao wewe. Nitalazimika kuandika kwamba imepotea mikononi mwako."

"Andika hivyo," alisema Mutinda.

Kavata alimtazama baba yake. Ndipo alipoelewa kwamba baba hakukusudia kumtaja kabisa. Angeondoka na lawama hiyo, angerudi nyumbani nayo, na ingekaa mezani kati yao, kando ya lile jina lisilotajwa.

"Usiandike hivyo," alisema. "Ni mimi nilichukua ufunguo. Ni mimi niliitoa. Baba hakujua."

Bwana Onesmus alivua miwani. "Wewe ni nani?"

"Kavata wa Kalunde."

Kwa muda mfupi katibu hakuwa na tangazo la kutoa. "Mama yako," alisema hatimaye, "alikuwa akiniambia kila asubuhi kama nimesahau kufunga kifungo." Kisha akavaa miwani. "Jambo hili litafikishwa mbele ya kamati."

Baba na binti walikwenda kwenye chumba cha swichi. Mutinda alivaa mkanda, akabana waya kwenye chuma cha kabati, akaifungua kadi kutoka kitambaani, akaishika kingo na kuisukuma katika nafasi yake kwa heshima ile ile ambayo angeipa kadi nzima. Kitaa kikawaka chekundu. Waliingoja. Aliitoa, akairudisha. Kikawaka chekundu tena.

"Pengine inahitaji muda," alisema Kavata.

"Hapana, mwaitu. Imekufa."

Alikaa chini, mgongo ukiegemea kabati, akamweleza yale ambayo angemweleza siku ile ya jenereta.

"Ukivua sweta wakati wa kiangazi inalia. Umeisikia?"

"Nilipoingia hapa, ililia sana."

"Huo ni umeme tuli. Unakusanyika mwilini mwako bila kukudhuru, unangoja pa kutokea. Nailoni nayo ukiisugua ni hivyo hivyo. Cheche unayoisikia ni kubwa. Ile usiyoisikia kabisa inatosha kuunguza kadi kama hii, ndani, mahali ambapo jicho halioni. Mkanda unaupeleka umeme huo ardhini polepole kabla hujagusa kitu. Mfuko wa kijivu unaikinga kadi. Na kadi ikivutwa kazini bila kuaga, umeme unakatika ghafla ikiwa katikati ya kazi. Wewe uliivuta ikiwa macho, ukaigusa meno, ukaipangusa kwa nailoni. Lipi kati ya hayo liliiua, sijui. Yote yangetosha."

Kavata alilia bila sauti. Kadi yenyewe ilikuwa safi kuliko zote kabatini.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza, nami nilikuwa na haraka." Mutinda aliuvuta mkanda kutoka mkononi, akaukunja. "Tena kuna jingine. Kazi yangu ilikuwa kuhifadhi nakala ya sauti ile mahali pengine. Ni kazi ya alasiri moja. Lakini kuinakili kulitaka niisikilize toka mwanzo hadi mwisho, nami sikuweza. Mwaka mzima nilipita kwenye mlango wa nyuma ili nisiisikie ikitoka kwenye ile simu ya ukuta. Kumbe wewe ulisimama pale kuisikiliza kila siku."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakuona."

Hapakuwa na nakala nyingine popote. Simu ya marehemu ilikuwa imeuzwa wakati wa ugonjwa, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufikiria kurekodi sauti iliyokuwa ikimwita kula kila jioni. Wahenga walisema mengi kuhusu kutunza, lakini kuhusu jambo hilo hawakuacha neno.

Baada ya muda Mutinda aliinuka. "Wodi ya kina mama bado haina simu," alisema. "Njoo. Utaitoa wewe."

"Mimi? Baba, nitaiharibu."

"Hii ni mbovu tayari, haiwezi kufa mara mbili. Soma namba."

Alisoma namba, akaisoma tena. Baba aliiarifu swichi kwenye kompyuta, nao wakasimama kimya wakitazama kitaa chekundu mpaka kikazimika chenyewe. Kavata aliacha sweta mlangoni, akavaa mkanda, akabana waya kwenye chuma, akauvuta kidogo kuhakikisha umeshika. Alifungua vishikio viwili kwa pamoja. Kadi ilitoka imenyooka, bila mlio wowote, akaishika kingo na kuitelezesha ndani ya mfuko wa kijivu. Vidole vyake havikugusa meno. Kadi mpya iliingia kwa njia hiyo hiyo, kutoka ndani ya mfuko wake wa kijivu hadi kwenye nafasi, na kitaa kikawaka cha kijani.

Simu ya mezani ikalia karibu mara ile ile.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya Kanini, kubwa kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Fundi, unanisikia? Aiya, kumbe inaongea! Mungu akubariki. Miguu yangu ilikuwa imeisha!"

"Si mimi," alisema Mutinda. "Ni Kavata."

"Mwambie asante. Mwambie kuna mama hapa ameshikwa na uchungu, na daktari nimempata kwa simu."

Tatizo la wodi likawa limetatuliwa. Mutinda aliweka simu chini, akamwelekea binti yake.

"Sikiliza, nami nitasema mara moja tu. Kitu usichokipenda, hata ukikishika ovyo kikavunjika, utalala. Unachokipenda ndicho kinachohitaji kanuni kuliko vyote, kwa maana mapenzi hayazuii cheche. Na usipojua sababu ya kanuni, uliza tena na tena mpaka mkubwa wako akujibu, hata kama ana haraka. Hilo la kutokukujibu ni kosa langu, nimelibeba. Umesema kweli ofisini kabla ya kulazimishwa. Hiyo haimrudishi mama yako. Ukweli hautengenezi kilichovunjika, Kavata. Unazuia tu kisivunjike kingine."

Ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu mazishi, kumtaja.

Stoo palikuwa na kadi moja ya sauti ya akiba, tupu. Mutinda aliiweka katika nafasi ya mwisho, kitaa kikawaka kijani, akamkabidhi Kavata mkono wa simu. "Watu hawawezi kuendelea kupokelewa na kimya," alisema. "Maneno unayajua."

Aliyajua. Aliyasema yote: mgonjwa, moja; wodi ya kina mama, mbili; kama hujui unayemtafuta, usijali. "Subiri," alisema, na bila kukusudia akavuta pumzi fupi, "tutakusaidia."

Mutinda aliicheza rekodi hiyo, akaisikiliza toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akageukia ukuta, akaanza kuukunja mkanda.

Kwa siku chache waliopiga simu walipokelewa tena na mtu. Mzee wa Kivaa alipiga kumuulizia mke wake, akasema opareta amekuwa kijana zaidi, akaelekezwa wodini. Katika siku hizo Kavata hakuinua simu ya ukuta. Aliketi kwenye benchi akifanya kazi ya shule, na Winfred aliketi naye bila kuuliza chochote.

Kisha kamati ikakutana. Ilisomewa taarifa yote: ufunguo, kitambaa, kadi iliyokufa, kadi mpya, sauti ya msichana. Wajumbe waliguswa. Wawili walitoa leso. Asubuhi iliyofuata Mutinda aliitwa ofisini, akarudi kwenye chumba cha swichi, akaifuta rekodi mpya kama alivyoagizwa. Na alasiri Kavata alipofika, simu ya ukuta iliita, ikakatika mlio, na haikusema neno. Alikwenda mbele ya ubao wa matangazo, begi mgongoni, akasoma.

"Inatangazwa kwa wafanyakazi, wagonjwa na wageni wote kwamba Kamati, baada ya kikao kirefu, imeamua kama ifuatavyo. Maua ya plastiki yarejeshwe upande wa kulia wa meza ya mapokezi. Aidha, kwa kutambua utumishi uliotukuka wa marehemu Bi. Kalunde, sauti yake ndiyo pekee itakayoendelea kuwapokea wanaopiga simu katika hospitali hii, na sauti nyingine yoyote isiwekwe mahali pake. Wote watakaoathiriwa na uamuzi huu wanaombwa kuwa wavumilivu. Kwa amri: Onesmus, Katibu Msimamizi."